Rejesho Dogo, Miaka Mingi

Mimi na Mama Mapacha tunatenganishwa na ukuta mmoja tu. Ukuta wenyewe mwembamba. Akipiga chafya kwake, mimi namwambia "afya" kwangu.

Kwa hiyo malalamiko yake yote nayajua. Kila asubuhi anaanza na ngazi. Nyumba yao ina vyumba viwili vya kulala juu, na sebule na jiko chini. Ngazi ni nyembamba na zimesimama wima.

"Ngazi hizi zitaniua!" anasema akishuka. "Aliyezijenga alikuwa na ugomvi na nani?"

Akifika chini anahamia kwenye bomba la jikoni linalovuja. Kutoka hapo anaingia kwenye ufa wa ukutani. Halafu jua la mchana, linaloingia sebuleni na kupausha vitambaa vyake. Yeye anashona mapazia, na cherehani yake iko hapo hapo sebuleni.

"Nyumba gani hii!" anamaliza. "Sizeekei hapa mimi. Wallahi sizeekei hapa!"

Mumewe, Baba Mapacha, ni fundi wa friji. Ni mtu wa maneno machache. Mke akisema maneno mia, yeye hujibu moja: "Haya." Kisha hubeba mkoba wake wa vifaa na kwenda kazini. Mapacha wao, wasichana wawili, wanasoma shule ya bweni.

Na mimi je? Mimi nakaa kwenye dawati la mikopo, katika chama cha kuweka na kukopa. Mtaani wananiita Dada Riba. Jina silipendi, lakini nani aliniuliza?

Nyumba yao waliinunua kwa mkopo wa benki. Mkopo ulikuwa wa miaka kumi na tano, na walikuwa wamekwisha kulipa miaka tisa. Nyumba iliwekwa rehani. Maana yake, hati ya nyumba inakaa benki mpaka deni liishe. Wakishindwa kulipa, benki ina haki ya kuiuza nyumba. Hawakuwahi kuchelewesha rejesho hata mwezi mmoja. Mapazia na friji ndivyo vilivyolipa.

Jumapili moja alasiri Baba Mapacha aligonga mlango wangu. Alikuwa anacheka. Nilishtuka, maana meno ya mtu yule huyaoni hivi hivi.

"Shemeji, njoo kwetu," alisema. "Njoo unywe soda."

"Soda ya nini? Mmepata nini?"

"Njoo tu."

Nilimkuta Mama Mapacha amekaa kwenye kiti chake cha cherehani. Uso unang'aa. Mezani palikuwa na soda, biskuti, na karatasi za benki.

"Dada, tumeokoka!" aliniambia. "Tunahamisha mkopo. Kuna benki mpya imetukubali. Kesho asubuhi tunasaini."

"Hongereni," nilisema. "Wanawapa riba gani?"

"Asilimia kumi na mbili," alijibu Baba Mapacha. "Benki yetu inatutoza kumi na tano."

"Si haba. Na rejesho?"

Hapo Mama Mapacha alisimama kabisa.

"Sasa tunalipa elfu sitini na tatu na mia nne kila mwezi. Huko tutalipa elfu arobaini na moja na mia nane! Umesikia? Kila mwezi tunabaki na zaidi ya elfu ishirini na moja! Mimi cherehani ya umeme nimekwisha kuichagua. Rangi ya bluu."

Baba Mapacha alimtazama mkewe kidogo, akanywa soda.

Mimi biskuti niliirudisha mezani. Nawaambieni ukweli, mikopo ndiyo kazi yangu. Riba ikishuka kutoka kumi na tano mpaka kumi na mbili, rejesho haliporomoki namna hiyo. Linashuka kidogo. Likiporomoka, kuna kitu kingine kimeguswa.

"Jamani," niliuliza, "mkopo mpya ni wa miaka mingapi?"

Walitazamana.

"Si ile ile?" alisema Mama Mapacha. "Si imebaki sita?"

"Mmesoma?"

"Yule kijana wa benki alitueleza vizuri sana," alisema Baba Mapacha. "Alikuja mpaka karakana. Mpole kweli kweli."

"Shemeji, upole wake sijauuliza. Nimeuliza miaka."

Nilivuta karatasi. Nilipeleka kidole mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye miaka nilisoma mara mbili, halafu nikampa Mama Mapacha asome mwenyewe.

Alisoma polepole. "Muda wa mkopo... miezi mia moja arobaini na minne." Akanyanyua uso. "Ni mingapi hiyo?"

"Gawa kwa kumi na mbili."

Baba Mapacha aligawa kichwani. Nikaona kicheko kikimpotea usoni.

"Kumi na miwili," alisema.

"Miaka kumi na miwili!" Mama Mapacha alipiga kelele. "Mungu wangu! Mimi nina miaka arobaini na minane! Nitamaliza na sitini!"

"Ndiyo maana rejesho ni dogo," nilisema. "Wameshusha riba kidogo, lakini wameongeza miaka mara mbili. Sasa tupige hesabu ya jumla. Mtu akiangalia rejesho la mwezi peke yake, hajaona mkopo."

Nilitoa simu, nikafungua kikokotoo.

"Mkibaki mlipo, mtalipa miezi sabini na miwili. Jumla ni milioni nne na laki tano na elfu sitini na ushei. Haya, mkihama mtalipa miezi mia moja arobaini na minne. Jumla ni..." Niliwaonyesha kioo cha simu.

Mama Mapacha alisoma tarakimu, akafunika mdomo.

"Milioni sita?"

"Milioni sita na kitu."

"Kwa hiyo tunaongeza..."

"Milioni moja na laki nne na nusu. Juu ya ile mtakayolipa mkibaki."

Kimya. Ukisikia kimya nyumbani kwa Mama Mapacha, ujue hali ni mbaya. Aliketi, akamgeukia mumewe.

"Baba Mapacha, ulijua?"

"Sikujua! Haki ya Mungu sikujua! Mimi nimesikia riba imeshuka, nikaona rejesho limeshuka, nikajua tumepata."

"Lakini riba si imeshuka kweli, dada?" Mama Mapacha aliniuliza. "Sasa inakuwaje tulipe zaidi?"

"Riba inahesabiwa kwa deni lililobaki, mwezi kwa mwezi," nilimjibu. "Ukilipa kidogo kidogo, deni linakaa na wewe muda mrefu. Na kila mwezi linapokaa, linatozwa riba. Asilimia ni ndogo, sawa. Ila inatozwa miaka mingi."

Nilirudi kwenye karatasi. Kulikuwa na jambo lingine linanisumbua.

"Hapa wameandika mkopo ni milioni tatu na laki moja na elfu themanini. Deni lenu lililobaki ni kiasi gani?"

"Milioni tatu," alisema Baba Mapacha. Hilo alilijua vizuri.

"Na hii laki moja na elfu themanini ni ya nini?"

"Labda wamekosea?"

"Benki haikosei kwa faida yako, shemeji. Soma chini hapo."

Alisoma. Elfu tisini ilikuwa faini ya kuufunga mkopo wa zamani kabla ya wakati wake. Elfu arobaini ya mwanasheria wa kuhamisha rehani. Elfu ishirini na tano ya mthamini, yaani mtu wa kuja kuitazama nyumba na kusema ina thamani gani. Na elfu ishirini na tano nyingine ni ada ya benki mpya kwa kushughulikia maombi.

"Lakini yule kijana alisema hatutoi hata senti!" alisema Baba Mapacha. "Alisema tusiguse mfuko."

"Hakudanganya. Leo hamtoi kitu. Gharama zote zimebandikwa juu ya deni. Mtazilipa kwa miaka kumi na miwili, na zenyewe zitatozwa riba."

"Makubwa!" alisema Mama Mapacha. "Yaani tunakopeshwa hela ya kutukopesha?"

"Umeelewa vizuri kuliko wateja wangu wengi."

Hakucheka. Alizikusanya zile karatasi kama anataka kuzichana.

"Subiri," nilimwambia. "Usichane. Kuhamisha mkopo si vibaya. Kuna watu wamehama na wameokoa hela nyingi. Ila kuna hesabu ya kupiga kwanza. Tuseme mngehamia kwa asilimia kumi na mbili, lakini kwa miaka sita ile ile. Rejesho lingekuwa kama elfu hamsini na nane na mia sita. Mngeokoa elfu nne na mia nane kwa mwezi."

"Tu?" alisema Mama Mapacha. Cherehani ya bluu ilikuwa inaondoka zake.

"Tu. Sasa gharama ya kuhama ni laki moja na elfu themanini. Gawa kwa elfu nne na mia nane. Inakuwa miezi thelathini na minane. Yaani miaka mitatu na zaidi kidogo, mnarudisha gharama tu. Baada ya hapo ndipo mnaanza kupata faida."

Baba Mapacha alikunja uso. Nikaona hajaelewa. Nikatafuta njia nyingine.

"Shemeji, mteja akikuletea friji kuukuu, kompresa imekufa, unamwambiaje? Atengeneze au anunue jipya?"

Hapo nilikuwa nimemrudisha nyumbani kwake. Alikaa vizuri.

"Kwanza nampa bei ya kutengeneza," alisema. "Halafu nampa bei ya jipya. Halafu namuuliza, friji hili unataka kukaa nalo muda gani? Kama anahama mwakani, anunue jipya la nini? Atengeneze, atumie, basi. Kama atakaa nalo miaka kumi, hapo jipya lina maana."

"Ndiyo hiyo hiyo! Gharama ya kuhama, akiba ya kila mwezi, na muda utakaokaa. Ukiondoka kabla gharama haijarudi, umepata hasara. Kwa hiyo na mimi nawauliza. Nyumba hii mnataka kukaa nayo muda gani?"

Nilidhani ni swali dogo. Nilikwisha kuanza hata kunyoosha mkono nichukue biskuti.

"Maisha," alisema Mama Mapacha.

"Miaka miwili," alisema Baba Mapacha.

Walisema kwa pamoja.

Mkono wangu ulibaki hewani. Mama Mapacha alimgeukia mumewe taratibu, kama mtu aliyesikia kitu kinaanguka chumba cha pili.

"Umesemaje?"

"Miaka miwili," alirudia Baba Mapacha, safari hii kwa sauti ndogo. "Mapacha wakimaliza shule. Nilitaka tuuze."

"Tuuze nini?"

"Nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Hii."

Nimekaa kwenye dawati la mikopo miaka mingi. Nimeona watu wamezimia. Nimeona ndugu wakirushiana viti. Lakini uso wa Mama Mapacha ulivyokuwa saa ile sijauona tena. Alipauka.

"Wewe," alisema. "Unataka kuuza nyumba yangu? Bila kuniambia? Nimekukosea nini?"

Niliinuka niondoke. Mambo ya mke na mume, mimi natafuta nini hapo? Mama Mapacha alinishika mkono.

"Kaa hapo! Wewe ndiye shahidi wangu. Mwulize amepata mwanamke gani!"

"Mwanamke gani tena?" Baba Mapacha alisimama. Na mtu yule wa "haya" alifunguka. Sijawahi kumsikia akisema mengi vile, si kabla wala baada. "Si wewe? Si wewe unayesema kila siku? Ngazi zitakuua. Jua linakuharibia vitambaa. Hutaki kuzeekea hapa. Umeapa, mama! Kila asubuhi unaapa! Miaka tisa nakusikiliza. Nikasema, huyu mwanamke anateseka, na mimi ndiye niliyemleta hapa. Nikapanga. Hiyo elfu ishirini na moja nilitaka niiweke kila mwezi, miaka miwili. Halafu tuuze, nikutafutie nyumba isiyo na ngazi. Nilitaka iwe zawadi."

Alikaa. Alikuwa anahema.

Mama Mapacha alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Kwani mimi nikisema huwa namaanisha?" alisema. "Baba Mapacha! Mimi nasema tu! Kusema ndiyo pumzi yangu! Siku nikinyamaza ndiyo uogope!"

"Mimi nitajuaje?"

"Ungeniuliza!"

"Na bomba je? Na ufa?"

"Hivyo navisema kwa sababu hutengenezi! Fundi mzima, mafriji ya watu unatengeneza, bomba lako linavuja miaka!"

"Nilitengenezee nini bomba la nyumba ya kuuza?"

Jamani. Mke analalamika kwa sababu mume hatengenezi. Mume hatengenezi kwa sababu mke analalamika. Na kesho asubuhi walikuwa wanakwenda benki kutia saini, kila mmoja na nyumba yake kichwani, na mkopo mmoja wa miaka kumi na miwili.

Mama Mapacha alianza kulia. Hakulia kwa fujo. Machozi yalimtoka tu, akayafuta kwa kipande cha pazia.

"Humu ndani ndimo nilimojifunza kushona," alisema. "Wanangu wamekulia kwenye sakafu hii. Ningeamka siku moja nikute mnunuzi mlangoni?"

"Nisamehe," alisema mumewe. "Nilidhani nakufurahisha."

Niliona niwape la mwisho, wajue walivyoponea.

"Shemeji, hata huo mpango wako haungekuwa na faida. Sikiliza. Baada ya miaka miwili ungekuwa umeweka kama laki tano mfukoni. Lakini deni la benki mpya lingekuwa bado milioni mbili na laki tisa."

"Haiwezekani! Baada ya kulipa miaka miwili?"

"Mkopo mrefu, miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho inakwenda kwenye riba. Deni lenyewe linaguswa kidogo sana. Ukibaki benki ya zamani, baada ya miaka hiyo miwili deni litakuwa milioni mbili na laki tatu hivi. Kwa hiyo ungebeba laki tano mkononi, na laki sita ungeziacha kwenye deni. Na ukiuza, benki mpya nayo ingekutoza faini ya kufunga mapema."

Baba Mapacha alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mkewe alimpa soda yake amalizie. Nikajua watapatana.

"Sasa tufanye nini?" Mama Mapacha aliuliza. "Tubaki tu na hiyo kumi na tano?"

"Kwanza mmekubaliana? Mnakaa au mnauza?"

"Tunakaa," alisema Baba Mapacha.

"Atakayeiuza aanze kuniuza mimi," alisema mkewe.

"Basi kesho msiende benki mpya. Nendeni benki yenu. Mmelipa miaka tisa bila kuchelewa. Mteja kama ninyi hakuna benki inayotaka kumpoteza. Chukueni hizi karatasi, muwaonyeshe. Waulizeni kama wanaweza kushusha riba. Wakikubali, ulizeni mambo matatu. Miaka inabaki ile ile? Riba itabaki hivyo mpaka mwisho? Na gharama zote, za leo na za baadaye, ni kiasi gani? Halafu mrudi nyumbani mpige hesabu. Msisaini papo hapo, hata mkiambiwa nafasi inafungwa."

Kesho yake walikwenda. Mama Mapacha alinisimulia jioni, tena na mikono.

Afisa wa mikopo hakutaka hata kusikia. "Riba ni ile mliyosaini," aliwaambia. "Mkataba ni mkataba."

Baba Mapacha akasema "haya," akaanza kuinuka. Mkewe akamvuta shati, akakaa. Kisha Mama Mapacha akaziweka karatasi za benki mpya juu ya meza.

"Wenzenu wanatupa kumi na mbili," alisema. "Sisi hatutaki kuhama. Lakini msitulazimishe."

Afisa alizisoma. Alitoka nazo, akakaa huko muda. Aliporudi alikuwa anawaita mheshimiwa na mama. Benki ingeshusha riba mpaka asilimia kumi na tatu. Gharama ya kubadilisha mkataba ni elfu kumi na tano, mara moja tu.

"Miaka je?" aliuliza Mama Mapacha.

"Sita ile ile."

"Riba haipandi mpaka mwisho?"

"Haipandi. Itaandikwa."

"Na kuna hela nyingine yoyote? Ya mwanasheria? Ya mthamini? Ya kupumua humu ndani?"

Afisa alicheka. Hakukuwa na nyingine, na hilo nalo aliwaandikia.

Hawakusaini. Walirudi nyumbani, na Baba Mapacha ndiye aliyepiga hesabu safari hii, nyuma ya kalenda ya ukutani. Mimi nilikaa pembeni, nimekunja mikono.

"Rejesho jipya ni elfu sitini na mia mbili," alisema. "Tunaokoa elfu tatu na mia mbili kwa mwezi. Gharama ni elfu kumi na tano. Mwezi wa tano imerudi yote. Baada ya hapo ni faida mpaka mwisho."

"Na ile nyingine?" nilimchokoza. "Ile ya kuhama kwa kumi na mbili, miaka sita? Si riba ni ndogo zaidi?"

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Alipomaliza alitazama karatasi, macho yamemtoka.

"Kumbe!" alisema. "Kuhama kwa kumi na mbili, ukitoa gharama, mwisho tunabaki na laki moja na elfu sitini na tano. Kubaki kwa kumi na tatu, tunabaki na laki mbili na elfu kumi na tano. Riba kubwa ndiyo yenye faida kubwa!"

"Kwa sababu ya gharama," alisema Mama Mapacha. Alisema kabla yangu, na mimi nilifurahi kunyang'anywa neno.

Walisaini wiki ile ile. Wote wawili, baada ya kusoma kila ukurasa kwa sauti. Jumamosi iliyofuata nikasikia nyundo upande wa pili. Baba Mapacha alikuwa amefungua bomba, na mchanga na saruji ya ule ufa vilikuwa vinamngoja kwenye ndoo. Cherehani ya umeme ilichelewa mwaka mzima na nusu. Haikuwa ya bluu, lakini ilinunuliwa taslimu.

Miaka sita imepita. Juzi walikwenda benki kulipa rejesho la mwisho. Walirudi na hati ya nyumba ndani ya bahasha ya kaki, wakaja nayo kwangu kabla hawajaingia hata kwao.

Mama Mapacha aliishika kwa mikono miwili. Haikuwa na kitu cha ajabu. Karatasi ngumu, mihuri, na majina yao wawili.

"Dada," alisema, "hebu niambie. Tungesaini kule, ile Jumatatu. Leo tungekuwa wapi?"

"Achana nayo," alisema Baba Mapacha. "Imekwisha."

"Nataka kujua."

Nilipiga hesabu kwenye simu. Nilipoona jibu nilisita kumwambia. Alininyang'anya simu, akasoma mwenyewe.

Baada ya kulipa miaka sita kamili, wangekuwa wamefika nusu ya safari. Hati ingekuwa bado benki. Na deni lingekuwa bado milioni mbili na laki moja na zaidi.

Alikaa chini, pale pale sakafuni kwangu, na hati mapajani. Halafu akaangua kilio. Kilio cha kweli, mpaka mabega yanatikisika. Mumewe alichuchumaa mbele yake, ameshtuka.

"Mama Mapacha, unalia nini? Nyumba si yetu? Si hiyo hapo umeishika?"

"Niache nilie," alisema. "Nazililia milioni mbili nisizodaiwa."